King'ora cha kiwanda ndicho kilichojaza fukwe za Uingereza

Waingereza wenye umri mkubwa wakianza kuzungumzia likizo zao za utotoni, utasikia habari za jua. Jua la Skegness, jua la Margate, jua la Scarborough, miji ya pwani yote. Baba kavua koti ila tai bado iko shingoni, mama kakaa kwenye kiti cha turubai, watoto wana ndoo za bati na majembe madogo ya mbao. Kumbukumbu za hali ya hewa zinasema vingine. Kiangazi cha 1954 kilikuwa cha mvua na baridi, na cha 1956 hakikuwa na nafuu. Mwaka 1952, usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti, msimu ukiwa umepamba moto, mito ya Lyn iliyoko kaskazini ya Devon ilifurika baada ya mvua ya milimita 229 hivi kumwagika milimani ndani ya saa 24. Watu 34 walikufa Lynmouth na vijiji vya karibu. Kiangazi kilichokuwa cha jua kweli kweli ni cha 1959, na inaelekea hicho ndicho kilichopaka rangi miaka mingine yote.

Kamera nayo ilichangia. Kamera ya familia nyingi ilikuwa Kodak Brownie, kisanduku chenye lenzi isiyorekebishwa na shata ya kasi moja tu. Filamu ya namba 120 ilitoa picha 8, basi. Maelekezo yalikuwa wazi: mpiga picha alipe jua mgongo, wanaopigwa walitazame. Siku ya mawingu mazito mwanga haukutosha, na picha ilirudi kutoka kwa mfamasia aliyesafisha filamu ikiwa giza tupu. Kwa hiyo picha 8 za wiki nzima ziliwekewa akiba mchana mmoja wenye jua. Wapiga picha wa barabara ya ufukweni, waliokupiga ukiwa unatembea kisha wakakupa tiketi ya kuchukulia picha jioni, nao hawakutoka mvua ikinyesha. Albamu za miaka ile zina jua kwa sababu mvua haikuweza kupigwa picha.

Nalitaja hili mapema kwa kuwa mijadala ya leo kuhusu miji ya pwani ya Uingereza inaanzia kwenye albamu hizo. Wanasiasa wanaahidi kurudisha enzi, halmashauri zinaomba fedha za kupaka rangi gati la kale, lile jukwaa la starehe linaloingia baharini, na wote wanachukulia kwamba watu walivutwa na haiba ya mahali. Kwa maoni yangu wanaangalia sehemu isiyo na injini. Likizo ile ilikuwa matokeo ya ratiba, na ratiba ilipovunjika haiba haikuweza kuziba pengo.

Tuanzie Lancashire, kaskazini magharibi mwa England, kwenye miji ya pamba. Kiwanda cha enzi ya mvuke kilikuwa na injini moja kubwa iliyozungusha mhimili mmoja, na mhimili huo, kwa mikanda, ukaendesha mitambo yote ghorofa hadi ghorofa. Huwezi kumpa nusu ya wafumaji likizo huku injini inaendeshea nusu iliyobaki. Makaa ya mawe yangeteketea bure. Boila nayo lazima izimwe mara moja kwa mwaka ili isafishwe na kukaguliwa. Njia rahisi ilikuwa kufunga kila kitu kwa pamoja, wiki moja, mji mzima. Waliziita Wakes. Maduka yalifungwa, na kwa wiki hiyo mabomba ya moshi yalikaa bila moshi. Umeme ulipoingia viwandani sababu ya kiufundi ilipungua, lakini desturi ilikuwa imeshaota mizizi. (Pamba ya miji hiyo ina mkono kwenye historia yetu pia: British Cotton Growing Association, iliyoundwa mwaka 1902 na watu wa viwanda hivyo, ilichangia kuingiza zao la pamba Uganda.)

Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba miji haikufunga wiki moja. Oldham ilikuwa na wiki yake, Bolton yake, Blackburn na Burnley zao, zikipokezana kuanzia Juni hadi Septemba. Blackpool, mji wa pwani wa Lancashire, ilikuwa mwisho wa reli kwa yote hayo. Mji mmoja ukirudi nyumbani Jumamosi asubuhi, mwingine ulikuwa njiani. Ndiyo maana Blackpool iliweza kulipia mnara wa mita 158 uliofunguliwa mwaka 1894, na magati matatu, wakati miji mingine ilihangaika kutunza gati moja. Watu walitoka mtaa mmoja wa Oldham wakakutana tena mchangani na majirani wale wale. Ujirani huo unaosifiwa sana katika kumbukumbu ulikuwa umepangwa na meneja wa kiwanda.

Fedha nazo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wiki ya Wakes kwa wengi haikuwa na mshahara. Waliweka senti zao kila Ijumaa katika klabu za akiba za kiwandani na kuzitoa kiwanda kilipofungwa. Sheria ya likizo yenye malipo ya mwaka 1938 ilizipa bodi za mishahara uwezo wa kuamuru wiki moja ya malipo na kuwahimiza waajiri wengine wakubaliane na vyama vya wafanyakazi. Mara vita ikaingia. Fukwe za kusini na mashariki zikazungushiwa seng'enge na kutegwa mabomu, magati yakakatwa katikati ili adui asiyatumie kuteremkia. Kwa hiyo watu wengi walikula matunda ya sheria ile kuanzia 1946, wote kwa mpigo, wakiwa na miaka sita ya hamu.

Hapo ndipo Jumamosi ilipogeuka mtihani. Nyumba za wageni ziliuza wiki kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi. Wageni wa zamani walitoka baada ya chai ya asubuhi, wapya wakaanza kubisha hodi mchana, na katikati mwenye nyumba alikuwa na saa chache za kubadilisha mashuka ya vitanda vyote. Reli ilibeba nchi nzima katika siku hiyo hiyo moja. Treni ya wageni ilifika kwenye kituo cha mwisho cha pwani, injini ikanaswa upande wa ukingo hadi mabehewa yaondolewe nyuma yake, na nafasi ya kuyaegesha ilikuwa finyu. Treni moja ikichelewa dakika 20 kwenye njia ya reli moja, kila iliyokuwa nyuma yake ilisimama mashambani, watoto wakiwa wamebanwa na haja ndogo.

Ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli ya Uingereza, iliyotoka Machi 1963, ina takwimu ambazo kwangu zinaeleza kisa hiki kuliko kumbukumbu zote. Mwaka 1959 shirika la reli lilikuwa na mabehewa 18,500 hivi ya treni za kasi na nusu kasi. Yaliyofanya kazi mwaka mzima yalikuwa 5,500. Kulikuwa na mabehewa 2,000 yaliyohitajika mara zisizozidi 10 kwa mwaka, mengine 2,000 mara zisizozidi 14, na mengine 2,000 mara zisizozidi 18. Kuyatunza hayo 6,000 kuligharimu takriban pauni milioni 3.4 kwa mwaka, na baada ya kutoa gharama za kuyaendesha yaliingiza kama pauni milioni 0.5. Mwaka mzima yalikaa kwenye reli za pembeni yakiota kutu, yakisubiri Jumamosi za Julai na Agosti. Beeching alipendekeza yaondolewe na njia nyingi zifungwe. Lyme Regis ikapoteza treni mwaka 1965, Bude 1966, Hunstanton 1969, Mablethorpe na Ilfracombe 1970. Watu wa miji hiyo wanamlaani hadi leo. Upande wa hesabu hakudanganya. Kosa lake, kama mimi ningekuwa hakimu, ni kudhani basi lingechukua nafasi ya treni kwa familia yenye masanduku matatu na mtoto mchanga.

Upande wa mama mwenye nyumba ya wageni hesabu ilikuwa ile ile kwa kipimo kidogo. Tuseme ana vyumba 8 na wageni 16, kila mmoja akilipa pauni 5 kwa wiki, malazi na milo yote. Hizo ni pauni 80. Nusu inaishia kwenye chakula, makaa, dobi na msichana wa kazi. Msimu ukijaa wiki 10 anabaki na pauni 400, na hizo lazima zimlishe wiki 52, zilipe kodi ya halmashauri, zipake rangi madirisha yanayoliwa na chumvi kila majira ya baridi. Inamfikia kama pauni 7 na shilingi 14 kwa wiki kabla ya kodi, karibu sawa na mshahara wa mwanamume wa kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1950. (Shilingi 20 kwa pauni, na shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na thamani hiyo hiyo.) Wiki mbili za mvua zikimletea nusu ya wageni, faida ya mwaka imeng'atwa sehemu ya kumi.

Ukishaona hesabu hiyo, zile sheria zilizomfanya mama huyo achorwe kama dubwana kwenye postikadi za vichekesho zinaeleweka. Wageni watoke baada ya kifungua kinywa wasirudi hadi wakati wa kula: hakuna mtu wa kuwahudumia na kusafisha vyumba kwa wakati mmoja, na sebule haikutosha watu 16. Kuoga kwenye beseni kubwa kulilipiwa pembeni, maana maji yalichemshwa kwa makaa. Katika mtindo wa zamani zaidi, ambapo mgeni alileta chakula chake mwenyewe akapikiwa, hata chumvi, siki na haradali ya mezani viliandikwa kwenye bili. Hadi Julai 1954, nyama ilipotoka kwenye mgao wa serikali ulioanza wakati wa vita, wageni walifika na vitabu vyao vya mgao mkononi. Mvua ikinyesha, familia nzima ilijibanza kwenye vibanda vya barabara ya ufukweni ikiangalia bahari ya kijivu hadi saa sita na nusu. Hiyo haikupigwa picha.

Na si kila mtu alikaribishwa. Wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa vyuoni Uingereza miaka hiyo, wakiwemo wa Tanganyika, Kenya na Uganda, walijua maana ya kuambiwa chumba kimeshachukuliwa mara tu mlango ulipofunguliwa. Sheria ya ubaguzi wa rangi ya mwaka 1965 ilizigusa hoteli ikaziacha nyumba ndogo za wageni. Ile ya 1968 ilipanua wigo, nayo ikaacha mwanya kwa nyumba ndogo ambazo mwenyewe anaishi humo humo. Wanaosifu ukarimu wa enzi ile wanapaswa kusema ulikuwa wa nani.

Aliyeelewa udhaifu wa mfumo huu mapema alikuwa Billy Butlin, mzaliwa wa Cape Town, aliyefungua kambi yake ya likizo Skegness mwaka 1936. Bei ilikuwa kati ya shilingi 35 na pauni 3 kwa wiki, chakula ndani, na tangazo lake likaahidi likizo ya wiki kwa mshahara wa wiki. Mvua haikumsumbua sana kwa kuwa kumbi za dansi, michezo na bilia zilikuwa za kuezekwa, na hakuna aliyemtoa mgeni nje saa nne asubuhi. Wazazi walicheza dansi usiku huku wahudumu wakizunguka kati ya vibanda kusikiliza watoto wanaolia, kisha namba ya kibanda ikatangazwa ukumbini. Wakati wa vita kambi hiyo ikawa kituo cha jeshi la maji. Baada ya vita ziliongezeka, Filey, Pwllheli, Ayr, hadi Minehead mwaka 1962. Hata hivyo Butlin naye alibaki mtumwa wa wiki zile zile za kiangazi.

Bahari yenyewe? Skegness mwezi Agosti maji huwa nyuzi 16 hivi. Upande wa kusini huweza kufika 17 au 18. Mtu wa Unguja, ambaye maji yake hucheza kati ya 25 na 29, angetoka mbio. Nguo za kuogelea za sufu, nyingi zikifumwa nyumbani, zilinywa maji zikaning'inia hadi magotini, na ukitoka nje upepo ukakukuta umebeba kilo za sufu ya baridi. Ndiyo maana kifaa muhimu cha ufukweni kilikuwa kizuia upepo cha turubai, na ufundi wake ulikuwa huu: fukua mchanga mkavu wa juu, ambao haushiki kitu, mpaka ufike kwenye mchanga mbichi, gonga miti kwa nyundo ya mbao ikiinama kidogo kuelekea upepo, pinda mstari uwe kama nusu duara. Ukiunyoosha mstari huo, turubai linajaa kama tanga na kung'oka lote. Weston-super-Mare walikuwa na shida nyingine. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa pale huzidi mita 10, na maji yakipwa huacha tope zaidi ya kilomita moja, tope la kumzamisha mtu kiunoni. Mwaka 1929 wakajenga ukuta wa kunasa maji ili wageni wawe na mahali pa kuogelea bila kusubiri.

Ndani ya maji hayo mlikuwa na maji taka ya mji, yaliyomwagwa kwa bomba fupi bila kusafishwa. Mwaka 1959 baraza la utafiti wa tiba la Uingereza lilitoa ripoti iliyosema hatari kwa afya ni ndogo mno isipokuwa pale ambapo uchafu unaonekana kwa macho kiasi cha kuchukiza, na serikali zikajificha nyuma ya ripoti hiyo kwa miongo. Masharti ya Ulaya ya maji ya kuogelea yalipokuja mwaka 1976, Uingereza iliorodhesha fukwe 27 tu. Blackpool haikuwemo! Punda wa Blackpool walikuwa na bahati zaidi: kanuni za halmashauri za mwaka 1942 ziliwapa saa moja ya mapumziko ya mchana na Ijumaa nzima bila kazi.

Kitu kimoja cha enzi ile kinastahili sifa bila masharti, nacho ni ile fimbo ya pipi yenye jina la mji ndani yake, inayosomeka popote unapoivunja. Sukari na glukosi huchemshwa hadi karibu nyuzi 150, zikamwagwa juu ya meza ya chuma inayopozwa kwa maji. Sehemu moja hutiwa rangi ya herufi, sehemu huvutwa kwenye mashine hadi ijae hewa na kuwa nyeupe, na hapo hutiwa mafuta ya mnanaa. Kila herufi hujengwa kwa vipande virefu vya rangi na vyeupe vilivyopangwa kama matofali, ikawa mche mrefu wa pipi. Fundi hafuati mpangilio wa jina. Huanza na herufi za pembe mraba, E, L, B, zinazovumilia kusubiri, akamaliza na O na C, kwa kuwa duara hubonyea kabla halijapoa. Herufi hupangwa kuzunguka kiini cheupe, zikavikwa ganda la waridi, na gogo hilo zito, nene kuliko paja la mtu, likawekwa kwenye roli zinazolizungusha bila kukoma huku likivutwa kuwa nyuzi nyembamba. Likisimama dakika moja linalala upande, na kila O katika maelfu ya fimbo inatoka yai. Lazima yote yaishe kabla sukari haijawa ngumu. Pipi zilitoka kwenye mgao Februari 1953.

Simulizi ya kawaida ni kwamba Uhispania, yaani likizo za ndege za kwenda huko, ndiyo iliyoua yote haya. Tarehe hazikubali. Ni kweli Vladimir Raitz aliruka na abiria wa kwanza wa kampuni yake ya safari, Horizon, kwenda Corsica mwaka 1950, pauni 32 na shilingi 10 kwa kila kitu, lakini ndege ile ya DC-3 ilibeba watu wachache. Kati ya 1966 na 1970 serikali ilimruhusu msafiri kutoka na pauni 50 tu. Mabehewa ya Beeching yalikuwa yameshapigwa hesabu kabla ya hapo. Kilichotangulia ni gari. Mgao wa petroli uliisha Mei 1950, na familia yenye gari haikuhitaji Jumamosi, haikuhitaji kituo cha reli, iliweza kubadili mji kwa kuangalia mawingu. Viwanda vya pamba vilipofungwa moja baada ya kingine, zamu ya wiki za Lancashire ilisambaratika, na miji yote ikabaki inagombania wiki sita za likizo za shule. Sheria ya moto ya mwaka 1971 ikamaliza waliobaki: nyumba inayolaza zaidi ya watu sita ilihitaji cheti, maana yake milango ya kuzuia moto, ving'ora, ngazi za dharura. Rudi kwenye zile pauni 400 uone zingetoka wapi.

Nyumba ya vyumba 8 vidogo, kila kimoja na sinki, ina kazi moja tu nyingine inayolipa mwaka mzima: kupangisha chumba kimoja kimoja kwa watu wanaolipiwa na ustawi wa jamii. Hivyo ndivyo mitaa ya nyuma ya Blackpool, Margate na Morecambe ilivyobadilika. Jaywick ya pwani ya Essex, iliyojengwa kama vibanda vya likizo, ambako mafuriko ya 1953 yaliua zaidi ya watu 30, imekuwa eneo maskini kuliko yote England katika orodha za serikali za 2010, 2015 na 2019. Mganga mkuu wa England aliandika ripoti nzima kuhusu afya ya watu wa pwani mwaka 2021.

Blackpool bado inasimama kuliko wenzake, na sababu ni taa. Maonyesho yake ya taa, yaliyorudi mwaka 1949 baada ya kuzimwa na vita, huanza pale msimu wa wengine unapoisha; kwa miaka mingi yaliendelea hadi kuelekea Novemba, na tangu 2020 hufika Januari. Halmashauri ilinunua wiki za ziada kwa umeme. Ndiyo sera pekee ya enzi ile iliyogusa kiini cha tatizo, yaani idadi ya wiki. Fedha zinazokwenda leo kwenye rangi ya magati zingefanya kazi zaidi kama serikali ingetawanya likizo za shule kwa kanda, kama majimbo mengi ya Ujerumani yanavyopokezana kila mwaka. Mfano hauko mbali. Shule za Leicestershire zina desturi ya kufunga mapema Julai kuliko kaunti nyingi, mabaki ya wiki mbili za viwanda vya Leicester, na vyumba vya Skegness hupata wageni siku ambazo watoto wa kwingineko bado wako darasani.